Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na TAMISEMI: Msiandike "hawezi kuongea" kabla ya kupima

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Afya na Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), hapa Mtumba, mji wa Serikali jijini Dodoma. Na kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Dodoma na Singida pamoja na Waganga Wakuu wa Wilaya walio chini yenu.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia sisi tunaohudumia wenye matatizo ya usemi na kumeza katika mikoa hii miwili, pamoja na wenzetu wa tiba viungo na walimu wa elimu maalumu. Jambo letu ni moja. Mgonjwa wa kiharusi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kijana aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda, wote wakifika kwetu na karatasi ya rufaa, karatasi hiyo huwa imeandikwa maneno mawili tu: "hawezi kuongea". Tunaomba maneno hayo yasikubalike tena kama matokeo ya uchunguzi.

Maneno hayo hayamwambii anayepokea mgonjwa aanzie wapi. Mtu mmoja amepoteza lugha yenyewe: haelewi anachoambiwa, au anaelewa lakini neno halimjii. Hiyo ni afasia. Mwingine neno analo kichwani, misuli yake ina nguvu, ila ubongo umeshindwa kuipanga midomo na ulimi vifuatane sawasawa. Hiyo ni apraksia ya usemi. Wa tatu anajua anachotaka kusema na mpangilio anao, lakini misuli yenyewe imelegea, imekaza, inatetemeka au imechelewa. Hiyo ni disathria. Wa nne ana tundu kwenye kaakaa. Wa tano hasikii. Tiba ya mmoja haimfai mwingine, na mazoezi ya kuimarisha midomo kwa mwenye afasia ni kumpotezea miezi ambayo ubongo wake ulikuwa tayari kujifunza upya.

Kuwatenganisha hawa hakuhitaji mashine. Kunahitaji dakika 40, chumba chenye utulivu na vifaa ambavyo vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja mdogo: tochi, vijiti vya kukandamizia ulimi, glavu, kioo kidogo cha mkononi, bilauri ya kioo, mrija, rula, saa yenye mshale wa sekunde na simu inayorekodi sauti. Kituo cha afya cha Bahi au Kongwa kinaweza kuwa navyo wiki hii. Kinachokosekana ni fomu, na mtu aliyefundishwa kuijaza.

Tueleze kipimo kilivyo, ili muone kwamba tunachoomba kinafanyika.

Kabla mdomo haujafunguliwa, kuna maswali matatu. La kwanza: tatizo lilianza vipi? Lililoanza ghafla linaelekeza kwenye kiharusi au jeraha. Linalopanda miezi kwa miezi linaelekeza kwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa), uvimbe au ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Usemi ulio mzuri asubuhi na mbovu jioni unatia shaka ya miasthenia, ugonjwa ambao misuli huchoka kwa kutumika. La pili: anatumia dawa gani? Swali hili ndilo linalorukwa kuliko yote. Haloperidoli na klopromazini, dawa za magonjwa ya akili, zinaweza kumfanya mtu aongee kwa sauti ndogo, bapa, na midomo isiyofunguka, kama mwenye Parkinson. Fenitoini, dawa ya kifafa, ikizidi mwilini humfanya mwenye kifafa aongee kama mlevi, huku macho yakichezacheza na miguu ikiyumba. Watu hawa wanahitaji dawa zao zitazamwe na daktari kwanza. Tahadhari iandikwe kwenye fomu: dawa haisimamishwi na mpimaji wala na ndugu.

Swali la tatu ni la masikio. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe usikivu ndani ya wiki nne, kwa sababu ugonjwa ule unaweza kuharibu sikio la ndani na hata kuligeuza mfupa, na hapo nafasi ya kumsaidia hupungua. Mtoto aliyepata manjano makali siku za mwanzo anaweza kubaki na vitu viwili kwa pamoja: viungo vinavyojinyonganyonga na usikivu uliopungua. Ukipima kimoja ukaacha kingine, umepima nusu ya mtoto.

Kisha kumeza. Mgonjwa wa kiharusi asipewe uji, chai wala vidonge kabla hajapimwa kumeza, hata kama ndugu wamesimama na chupa ya chai mlangoni. Awe macho kabisa, akae wima, apewe maji kijiko kimoja cha chai, mara tatu, huku ukimtazama koo likipanda na kushuka. Akikohoa, au sauti ikageuka kuwa kama ya mtu mwenye maji kooni akiambiwa aseme "aaa", acha hapo na umjulishe daktari. Kutokohoa pekee si ushahidi wa usalama. Wapo ambao maji huingia mapafuni bila hata kikohozi.

Sasa pumzi. Chukua mrija, pima sentimita 5 kutoka ncha ya chini, weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Jaza bilauri maji, zamisha mrija mpaka alama iguse uso wa maji, mwambie apulize mapovu mfululizo kwa sekunde 5. Akiweza, ana msukumo wa hewa unaotosha kusema. Akishindwa, msikimbilie kuandika "mapafu dhaifu". Mbane pua kwa vidole arudie. Akifaulu pua ikiwa imebanwa, pumzi anayo. Hewa ilikuwa inavujia puani kwa sababu kaakaa laini halifungi. Mshikie midomo kandokando ya mrija arudie tena. Akifaulu hapo, kilichovuja ni midomo. Kipimo kimoja cha maji ya bomba kimetenganisha sehemu tatu za mwili. Aliyeshindwa kipimo cha kumeza asipewe hiki, maana wapo wanaovuta badala ya kupuliza.

Uso na mdomo hutazamwa vikiwa vimetulia, kisha vikitumika. Mwambie akunje paji la uso, atabasamu, avimbishe mashavu. Sehemu ya chini ya uso ikiwa imelegea lakini paji la uso linakunjika pande zote mbili, tatizo liko ubongoni. Paji likikataa pia upande huohuo, angalia neva ya 7 yenyewe, ile inayoendesha misuli ya uso. Ulimi utazamwe kwanza ukiwa umelala ndani ya mdomo: misuli midogo ikichezacheza kama minyoo chini ya ngozi, au upande mmoja ukiwa umesinyaa, neva ya 12, inayoendesha ulimi, imeguswa. Wengi hukosea kwa kuangalia mchezo huo ulimi ukiwa nje. Ulimi wa kila mtu ukitolewa nje hutetemeka kidogo. Ukitolewa, ulimi huelekea upande dhaifu. Kimeo hufanya kinyume: mgonjwa akisema "aaa", kaakaa laini na kimeo chake huvutwa kwenda upande ulio mzima. Mpimaji anayechanganya haya mawili ataandika ugonjwa upande usio wake.

Sauti ni fupi kueleza. Avute pumzi aseme "aaa" mpaka iishe. Mtu mzima mwenye afya hufika sekunde 15 hadi 25. Chini ya 10 kuna sababu ya kutafuta. Akohoe. Kikohozi kisicho na mshindo, chenye hewa tupu, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji wa tezi la shingo, kinataka akatazamwe nyuzi za sauti na daktari wa masikio, pua na koo.

Tukifika kwenye matamshi, hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo vipimo vinavyonakiliwa kutoka nje vinapoharibika.

Uainishaji wa disathria unaotumika duniani ulitoka kwenye kliniki ya Mayo, Marekani, mwaka 1969, ambako Darley, Aronson na Brown waliwasikiliza wagonjwa 212 na kuwapima kwa sifa 38 za usemi. Kazi ile ni imara na aina zile tunazitumia hadi leo. Lakini orodha za maneno na aya za kusoma zilizotungwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza hazitafsiriki. Neno la silabi moja lenye konsonanti tatu mwanzoni lililowekwa kupima ulimi wa Mwingereza, likitafsiriwa kwa Kiswahili linakuwa neno jingine lenye silabi nne na halipimi tena kilichokusudiwa. Kiswahili kina vipimo vyake ndani yake. Tunavionyesha.

Kasi: aseme "papapa" kwa sekunde 5 haraka awezavyo, kisha "tatata", kisha "kakaka". "Pa" hupima midomo, "ta" ncha ya ulimi, "ka" mgongo wa ulimi. Mtu mzima mwenye afya hufikisha kati ya silabi 5 na 7 kwa sekunde, "ka" ikiwa nyuma kidogo. Usihesabu kwa kichwa. Gonga nukta kwenye karatasi kwa kalamu kila silabi, uzihesabu baadaye, au rekodi usikilize upya kwa mwendo wa polepole. Kisha aseme "pakata, pakata, pakata", neno ambalo kila mama analijua na lina midomo, mgongo na ncha kwa zamu. Sikiliza mwendo kuliko idadi. Polepole lakini sawasawa, sauti ikikabwa kama ya mtu anayenyanyua gunia: misuli imekaza. Mara ndefu mara fupi, mara kubwa mara ndogo, kama injini inayokosa moto: ubongo wa nyuma. Haraka, silabi zikimezana mpaka zinakuwa mvumo mmoja: Parkinson au dawa zinazofanana nayo.

Mkazo: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila mzawa wa lugha anausikia bila kufundishwa. Mgonjwa wa ubongo wa nyuma huupoteza. "Ninakwenda sokoni" inatoka ni-na-kwe-nda-so-ko-ni, kila silabi imepigwa kwa nguvu ileile kama anayesoma herufi ubaoni. Ndugu wenyewe watakuambia, "anaongea kama roboti." Andikeni maneno yao kwenye fomu, ni uchunguzi halali.

Apraksia: hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa kuwa tunaweza kurefusha neno moja bila kubadili mzizi wake. Mwambie arudie: soma. Somesha. Someshana. Watasomeshana. Hawatasomeshana. Mwenye apraksia husema "soma" safi, akifika "someshana" anaanza kupapasa kwa midomo, anatafuta, anasema "shomesana", anajisikia amekosea, anarudia, anakosea kwa namna nyingine. Kukosea kwa namna tofauti kila mara ndiyo alama yake. Mwenye disathria hukosea palepale kila mara, iwe "soma" au "hawatasomeshana", maana msuli uliolegea umelegea siku zote. Kisha mwambie ahesabu moja hadi kumi, au ataje siku za wiki, au aitikie salamu aliyoizoea. Mwenye apraksia mara nyingi atateleza hapo vizuri kabisa, na ndugu watasema "mbona anajifanya?" Hajifanyi. Maneno ya mazoea hupita njia nyingine kuliko maneno ya kutunga, na hili lazima waelezwe ndugu siku hiyohiyo, kabla mgonjwa hajarudi nyumbani kugombezwa.

Afasia huonekana ukiondoa mdomo kwenye kazi. Weka mezani funguo, kikombe, kalamu na shilingi. "Nionyeshe kalamu." "Weka shilingi ndani ya kikombe." "Gusa funguo baada ya kugusa kalamu." Usitazame kitu unachokitaja, wala usikinyooshee kidole, macho ya mpimaji huvujisha jibu. Kama aliwahi kusoma, mwambie aandike jina lake na sentensi moja. Mwenye disathria tupu ataandika anachoshindwa kusema. Mwenye afasia atakwama kwenye karatasi vilevile.

Uchovu: ahesabu moja hadi mia bila kupumzika, kwa Kiswahili huchukua karibu dakika mbili. Kama sauti inaanza safi na kufika sitini inatokea puani na taya linaning'inia, kisha akipumzika inarudi, asiondoke bila daktari kuambiwa neno miasthenia. Ugonjwa huo unaweza kufika kwenye misuli ya kupumua, na una dawa.

Pua: sentensi "Kaka alipata kitabu cha bibi" haina hata sauti moja ya puani. Aiseme kawaida, kisha pua ikiwa imebanwa. Sauti ikibadilika, hewa inavuja. Kioo kilichopoa kikiwekwa chini ya pua kikapata ukungu wakati wa sentensi hiyo, ni uthibitisho wa pili. Kiwekwe akiwa ameshaanza kusema na kiondolewe kabla hajamaliza, la sivyo utapima kupumua kwake. "Mama ana mnyama mnene" ni kinyume chake, konsonanti zote ni za puani. "Mama" ikitoka kama "baba", pua imeziba. "Baba" ikitoka kama "mama", kaakaa halifungi. Na kwa udhaifu mdogo unaojificha, tumieni mb, nd na nj: tumbo, ndoto, njaa, mbingu. Sauti hizi hulitaka kaakaa lifunguke na kufunga ndani ya pigo moja, na likiwa zito kidogo tu, hapo ndipo linapojulikana.

Waheshimiwa, Kiswahili nacho si lugha ya kwanza ya kila anayeketi mbele yetu. Bibi wa Mvumi au Manyoni huenda amezungumza Kigogo maisha yake yote. Wa Kondoa Kirangi. Wa Singida Kinyaturu au Kinyiramba. Ukimpima kwa Kiswahili pekee baada ya kiharusi, unaweza kuandika afasia pale ambapo pana lugha ya pili tu iliyochakaa. Kinyaturu na Kirangi hubeba maana kwa toni, kwa hiyo sauti bapa ya Parkinson, ambayo kwa Kiswahili ni hasara ya ladha, huko inaweza kugeuza neno. Na Chemba kuna Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko. Kidoko hutaka ulimi uzibe mbele na nyuma kwa wakati mmoja kisha uvute. Ulimi uliolegea hauwezi, na Msandawe anayesema "vidoko vyangu havitoki" amempa mpimaji dalili ya thamani, kama mpimaji anajua kumuuliza. Mkalimani atafutwe, na asiwe mjukuu anayemwonea haya babu yake kiasi cha kuyanyoosha majibu.

Upande wa pili wa jambo hilo: kuchanganya l na r, kusema "zahabu" kwa dhahabu au "gali" kwa ghali, si ugonjwa. Ni lafudhi. Tumepokea watoto wa shule walioandikiwa kasoro ya usemi kwa sababu hiyo tu. Kipimo rahisi ni kumsikiliza mama au bibi: kama nyumba nzima inasema hivyo, mtoto hana ugonjwa.

Kwa watoto, tuna mambo mawili yanayotuumiza, na yote mawili yanaishia kwenye wembe.

La kwanza ni udata. Mtoto akichelewa kusema, watu humfunua ulimi, wakiona uzi chini yake wanamkata. Hebu tufikiri pamoja. Sauti m, b na p hutamkwa kwa midomo. Mtoto wa miaka mitatu asiyesema "mama" wala "baba" hawezi kuwa amezuiwa na uzi wa chini ya ulimi, kwa kuwa ulimi hauhusiki na maneno hayo. Udata mkali unaweza kusumbua kunyonya, na unaweza kugusa l, r au t. Haumzuii mtoto kuanza kuongea. Anapokatwa, masikio yake hayajapimwa, na mwaka unapita familia ikisubiri ulimi ulegee.

La pili ni kimeo. Bado watoto wanakatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi, na wanaletwa na damu, maambukizi, hata pepopunda. Zaidi ya hatari hiyo kuna hasara ya kipimo. Kaakaa linaweza kuwa limepasuka chini ya ngozi, huku juu likionekana zima. Alama zake ni tatu: kimeo kilichogawanyika mara mbili, mstari wa buluu katikati ya kaakaa laini pale msuli ulipokosekana, na pengo mfano wa herufi V nyuma ya kaakaa gumu, ambalo halionekani kwa tochi bali huguswa kwa kidole chenye glavu. Kimeo kikishakatwa, alama ya kwanza imeondoka. Kwa hiyo kila mtoto anayevuja maziwa puani, au ambaye "baba" yake ni "mama", aguswe kaakaa kwa kidole, asitazamwe tu. Wakunga wafanye hivyo kwa kila mtoto anayezaliwa, kabla mama hajaruhusiwa. Mdomo uliopasuka wazi, ule unaoitwa mdomo wa sungura, huonwa na kila mtu. Kaakaa lililopasuka peke yake hupita. Mdomo kwa kawaida hushonwa kati ya miezi 3 na 6, kaakaa kati ya miezi 9 na 18. Akiletwa wakati anaanza darasa la kwanza, kaakaa litashonwa, lakini atakuwa amekwisha jizoesha kukaba sauti kooni badala ya midomoni, na mazoea hayo hayaondolewi na kisu.

Kipimo cha mwisho ni kueleweka. Mpimaji na mama wa mtoto si wasikilizaji wazuri, kwa sababu wamemzoea. Mgonjwa asome au arudie maneno 50 yaliyoteuliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ndefu, arekodiwe kwa simu iliyowekwa umbali wa sentimita 30, kisha mtu asiyemjua wala kuiona orodha asikilize na kuandika anachosikia. Maneno 31 sahihi ni asilimia 62. Namba hiyo ikipimwa tena baada ya miezi mitatu kwa maneno mengine, itaonyesha kama tiba inafanya kazi. "Anaendelea vizuri" haionyeshi kitu. Rekodi hiyo ni siri ya mgonjwa kama ilivyo faili lake. Itunzwe kwenye simu ya kituo, isizunguke kwenye magrupu ya WhatsApp.

Makosa mengine tunayokutana nayo tuyataje kwa kifupi. Mgonjwa hupimwa kwenye benchi la foleni, feni inavuma na watu hamsini wanamtazama. Ndugu humjibia. Meno ya bandia yameachwa nyumbani, na s na f zake zinaandikwa kuwa za kiharusi. Anaulizwa maswali ya ndiyo na hapana matupu, anatikisa kichwa, inaandikwa "anaelewa". Anapimwa siku ya pili ya kiharusi akiwa bado amelewa usingizi, na matokeo hayo yanamfuata miaka. Na neno "bubu" bado linaandikwa kwenye kumbukumbu za shule kwa mtoto ambaye hajawahi kupimwa sikio wala kaakaa.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inawapa watu hawa haki ya huduma za afya na utengamao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mlango wa kulipia. Kwa hiyo tunaomba haya.

Wizara itoe fomu moja ya upimaji wa usemi, ukurasa mmoja mbele na nyuma, kwa Kiswahili, yenye vipimo tulivyoeleza na nafasi ya kuandika lugha ya kwanza ya mgonjwa. Tuko tayari kuiandaa rasimu na kuijaribu katika hospitali mbili za wilaya, moja Dodoma na moja Singida, kabla haijaenda mbali.

Kila hospitali ya wilaya iteue watu wawili, tabibu mmoja na muuguzi au mtaalamu wa tiba viungo mmoja, wafundishwe kuitumia. Wawili, kwa sababu mmoja akihamishwa ujuzi usiondoke naye. Hawatakuwa wataalamu wa usemi na wasiitwe hivyo. Watajua kupima, kuandika na kupeleka.

Vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu na takwimu za vituo vya afya, viwe na mahali pa kuandika afasia, apraksia, disathria, kaakaa lililopasuka na tatizo la sauti, kila moja peke yake. Kisichohesabiwa hakitengewi bajeti.

Hakuna mgonjwa wa usemi apandishwe treni kwenda Dar es Salaam bila fomu hiyo mkononi. Kama ni disathria itokanayo na dawa, au lafudhi, hakuwa na haja ya safari. Kama ni kaakaa, fomu itamfikisha moja kwa moja kwa mpasuaji.

Ikama (orodha za nafasi za kazi) za hospitali za rufaa za mikoa ziwe na nafasi ya mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, na nafasi hizo zitangazwe. Wataalamu hawa ni wachache mno nchini, na wachache hao hawatakuja Dodoma kwa ajira isiyokuwepo kwenye ikama.

Kitita cha msingi cha bima kitaje wazi upimaji wa usemi na kumeza baada ya kiharusi na kwa mtoto mwenye kaakaa lililopasuka.

Na TAMISEMI iwaagize Maofisa Elimu Maalumu wa halmashauri kwamba, kuanzia uandikishaji ujao wa darasa la kwanza, mtoto yeyote anayeelezwa na mzazi kuwa "haongei vizuri" asipangiwe kitengo kabla ya kupimwa masikio na kaakaa katika kituo cha afya kilicho karibu. Shughuli hiyo ya masikio na kaakaa haizidi robo saa kwa mtoto mmoja.

Rasimu ya fomu tutaileta kwa mkono Mtumba, pamoja na orodha ya maneno 200 ya Kiswahili ya kupimia na mfano wa mrija wenye alama ya sentimita 5, siku mtakayotupangia.

Wenu katika kazi,

Watoa tiba ya usemi na kumeza, wataalamu wa tiba viungo na walimu wa elimu maalumu,
Dodoma na Singida.